Maji ya Mama Mchungaji

Jumapili, tarehe 3 Februari

Mama yangu mpenzi,

Kabla hata ya salamu ngoja nikuambie mumeo amefanya nini sasa hivi. Nilikuwa nakunja nguo, nikageuka kidogo tu, nikamkuta amepanda stuli na kushika kijiko chake cha maji ya upako, anakilamba mbele na nyuma kama paka. Nikamuuliza, wewe Kishindo, unafanya nini huko juu? Akanijibu bila hata kukiacha kijiko, "Mama, Mungu ni mtamu." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikasema hii bibi yake lazima aisikie leo leo.

Haya, sasa salamu. Hujambo mama? Miguu inaendeleaje, bado inavimba ukikaa sana kwenye cherehani? Sisi huku wazima kabisa. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya kufulia, na ya baba Kishindo ni ya kanisa, ameambiwa isitumike kwa mambo ya nyumbani. Kaka akipita na lori atakuletea.

Mama, nina furaha mpaka naogopa. Unakumbuka mtoto alivyokuwa. Unakumbuka siku aliyoanguka miguuni pako, ukaacha gauni la watu kwenye sindano, ukamlaza ubavu na kunifokea nisimtie kitu mdomoni. Sasa sikia. Kanisani kwetu kuna kapu mbele ya madhabahu. Mtu akiombewa na akaamini, anapeleka dawa zake kwa mkono wake mwenyewe, anazitia humo, watu wanapiga vigelegele. Mwaka jana ulipokuwa unaisha nilipeleka za Kishindo. Tangu siku hiyo hajaanguka. Hata mara moja, mama.

Baada ya ibada ile Mama Mchungaji aliniita ofisini, akafunga mlango, akanipa chupa ndogo ya kahawia. Akasema ni maji ya upako, kijiko asubuhi na kijiko jioni, nisiruke hata siku moja, na yakikaribia kwisha niende anijazie. Akasema pia nisimwonyeshe mtu, watu wana wivu. Wagonjwa wengine wanajichotea maji yao kwenye pipa pale mlangoni. Ya Kishindo ni ya peke yake. Nilijiona mtu mbele za watu, mama, mimi ambaye hata shule sikuimaliza.

Sasa kila Jumapili tunaitwa mbele, mimi nasimulia, yeye anakimbia jukwaani na vile visigino vyake, kanisa zima linasikia kishindo. Baba yake amepewa kazi ya kumwendesha Mchungaji, na tumepewa chumba nyuma ya kanisa. Hakivuji. Mungu ametukumbuka.

Ni mimi mwanao,
Mama Kishindo


Jumatatu, tarehe 11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Shikamoo yako hukuiandika, lakini nimeichukua mwenyewe, mimi ni mama yako sina haja ya kuomba. Miguu ipo, inanibeba mpaka sokoni na kunirudisha, siwezi kuidai zaidi ya hapo. Nafurahi mume wangu ni mzima. Mwambie mke wake amemshonea kaptura mbili zenye mifuko mikubwa ya kufichia utundu wake.

Nimesoma barua yako mara ya kwanza nikacheka. Nimeisoma mara ya pili sikucheka. Mimi nimekunywa maji ya kisima, ya bomba na ya mvua, na umri huu nilio nao sijawahi kukutana na maji ambayo mtoto analamba kijiko mbele na nyuma. Kwa nini ni matamu? Na kwa nini yafichwe? Kama ni kitu cha Mungu, kiwekwe mezani watu wakione, si kufungiwa mlango ofisini.

Usinielewe vibaya. Mimi ndiye niliyekufundisha kupiga magoti. Lakini magoti ni ya kuombea na kliniki ni ya kutibiwa, na sijaona mahali hivyo viwili viligombana. Mpeleke mtoto wakamwangalie. Ukiona aibu kwa sababu ya mambo ya kapu, vaa mtandio, pitia mlango wa nyuma.

Baba yake anasemaje? Au siku hizi anaendesha tu.

Mama yako,
mke mkubwa wa Kishindo


Jumatatu, tarehe 25 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Unaona, leo sikusahau. Natumaini u mzima, na kaptura zimefika. Amezivaa zote mbili kwa pamoja, amekataa kuvua.

Barua yako iliniuma kidogo. Nilikaa nayo siku nyingi ndipo ikaacha kuniuma. Najua unanipenda. Kliniki sijaenda, lakini nina habari nzuri na nyingine sijui niiite nini.

Jirani yangu wa hapa ni msusi, wote tunamwita hivyo hivyo, Msusi. Ana binti wa miaka sita mwenye ugonjwa ule ule wa Kishindo. Anamsuka vizuri, kila wiki mtindo mpya, shanga mpaka mabegani, akitembea unamsikia kabla hujamwona. Msusi alinisikia nikitoa ushuhuda. Alilia, akaniambia, kama wewe umeweza na mimi nitaweza, akapeleka dawa za binti yake kapuni. Akawa anamchotea maji ya pipa. Mtoto akaanguka mara mbili kwa wiki moja. Mchungaji akasema mbele ya watu kwamba kuna kitu kimefichwa nyumbani mwa huyo mama, imani yake ina tundu. Msusi akafagia chumba kizima akitafuta hicho kitu. Alifagia mpaka chini ya kabati, mama, na mimi nilimsaidia kulisogeza.

Nikamhurumia. Nikafikiri, kama maji ya Kishindo yana upako mwingi zaidi, si nimgawie? Nikaanza kumpa binti yake kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, tukaifanya siri yetu sisi wawili. Akaacha kuanguka. Tulishikana mikono tukacheza humo chumbani kama wendawazimu.

Lakini chupa ikaisha kabla ya siku yake. Nilipoirudisha, Mama Mchungaji hakunifokea. Afadhali angenifokea. Aliiinua dirishani, akaitazama, akaniuliza taratibu, "Nani mwingine anakunywa?" Nikamweleza yote, tena nikitabasamu, nikijua atafurahi. Akaiweka chupa mezani.

"Hii imepimwa kwa kilo za mtoto wako. Ukimgawia mwingine, wako ataanguka. Unataka aanguke pale mbele, watu wote wakitazama?"

Nikasema hapana. Zamani kabla hajaolewa alikuwa na duka la dawa, labda ndiyo maana anapenda kupima vitu. Msusi nimemwambia yamekwisha. Ananishukuru hata kwa yale niliyompa. Jana binti yake alikuwa anakazia ukuta macho muda mrefu, ukimwita haitiki, kama Kishindo alivyokuwa akianza.

Niombee, mama. Nadhani mambo yatakuwa mazuri.

Mwanao,
Mama Kishindo


Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Sina salamu ndefu leo, mimi ni mzima, wewe nisikilize.

Upako gani unapimwa kwa kilo?

Kaa chini ufikiri na akili yako, unayo, mimi ndiye niliyekuzaa naijua. Ndani ya chupa yako kuna dawa ya kifafa. Ndani ya pipa kuna maji. Wanampa mwanao dawa ili asianguke jukwaani, na watoto wengine wanatupiwa dawa zao kapuni kwa sababu wamemwona yeye hajaanguka. Ndiyo maana ni siri. Yule mama alikuwa na duka la dawa, anajua sana anachokifanya, na mumewe anayesimama pale kusema humu hakuna dawa ila Mungu analala naye chumba kimoja.

Mwambie Msusi leo. Usingoje hata kumaliza kusoma. Binti yake arudi kliniki. Na wewe mpeleke Kishindo pamoja na hiyo chupa, lakini usimkatizie ghafla mpaka wakupe nyingine.

Mama yako


Jumatano, tarehe 20 Machi

Mwanangu,

U hali gani? Mbona kimya? Kaka yako amenieleza jambo ambalo limeninyima usingizi. Anasema barua yangu ile hakukupa mkononi. Alikuta geti limefungwa, mlinzi akamwambia barua zote zinapitia ofisini, naye akaiacha. Nimemfokea mpaka majirani wamekuja. Hii ameapa atakupa wewe mwenyewe, hata akikusubiri kituo cha mafuta siku nzima.

Kama ile hukuipata, nilikuwa nakwambia hivi: maji ya Kishindo ni dawa ya kifafa. Ya pipa ni maji matupu. Mwambie Msusi.

Sasa wao wameshajua kwamba mimi najua. Usile kitu ofisini kwao, usimwache mtoto na mtu.

Mama yako


Jumapili, tarehe 7 Aprili

Mama,

Shikamoo. Kishindo ni mzima. Naanza na hilo ili usome mengine ukiwa umetulia.

Barua yako ya mwanzo wa Machi sijaiona mpaka leo. Hii ya pili kaka amenipa mkononi, lakini tulikuwa tumeshamzika binti wa Msusi siku mbili kabla.

Alianguka asubuhi, mama yake akiwa kwa mteja. Alianguka, akainuka, akaanguka tena, halafu haikukoma. Walipoita gari la kanisa liliambiwa lingoje Mchungaji amalize kuomba. Baba Kishindo ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Alingoja. Aliporudi nyumbani hakula, na hajaniambia neno juu ya hilo mpaka sasa.

Makaburini Mchungaji alisema mtoto alikuwa wa Mungu lakini mama alikuwa na mashaka. Alisema wamekuta vidonge chini ya godoro. Mimi nililigeuza lile godoro kwa mikono yangu tulipofagia, hapakuwa na kidonge. Msusi akawa anatikisa kichwa kukubali, kama mtoto anayekaripiwa, anatikisa tu. Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka, mama, ukatoa pole.

Siku mbili baada ya mazishi nilipata barua yako. Nilivaa mtandio kama ulivyosema, nikaenda kliniki. Muuguzi alinusa chupa yangu, akafungua kabati, akamimina dawa yao kwenye kijiko akakiweka pembeni ya kijiko changu. Rangi moja, harufu moja. Akaniuliza nimeipata wapi, nikamtajia jina la mtoto tu. Amenirudishia kadi ya Kishindo na kunipa chupa ya dawa yake mwenyewe. Nimeificha kwenye mkoba.

Sasa usiwe na hofu, kwa sababu nimeshapata mtu. Kuna mzee wa kanisa ambaye watu wanamwita Mzee Pole, maana hata ukimwambia umepata kazi anakwambia pole. Ni mkubwa wa baraza la wazee, Mchungaji mwenyewe anainuka akiingia. Nilimweleza kila kitu. Alilia, mama. Alivua miwani akafuta macho kwa kanzu yake. Akaniambia, "Binti yangu, mambo ya nyumba ya Mungu hayaanikwi njiani. Niachie mimi. Baraza litakaa, utaitwa, utasema yote na wao watajibu." Akaniomba ile chupa ya kahawia aitunze iwe ushahidi, nikampa. Akaniomba nisimwambie Msusi kwanza, nisimtie chumvi kwenye kidonda, nikakubali.

Kulikuwa na mpango Pasaka ikipita Mchungaji asafiri na Kishindo kwenye mkutano mkubwa mji mwingine, yeye na baba yake, mimi nibaki eti gari limejaa. Nimemwambia Mzee Pole mtoto haendi. Amesema, bila shaka, bila shaka.

Jana Msusi alikuja kunisuka. Hakutaka kitu, alisema mikono yake inataka kichwa cha kushika. Nilikaa katikati ya magoti yake, nikanyamaza.

Mwanao,
Mama Kishindo


Ijumaa, tarehe 12 Aprili

Mwanangu,

Chupa umempa.

Sikulaumu. Nimelia, nimemaliza, sasa tufanye kazi. Mtu anayetaka haki hakuambii umnyamazishe mama wa mtoto aliyekufa. Huyo mzee analia kwa macho, lakini mikono yake imeshachukua ushahidi. Baraza hilo ni la watu walewale waliopiga vigelegele kwenye kapu.

Jumatano tarehe 17 kaka yako atakuwa na lori kituo cha mafuta, mchana. Njoo na mtoto, kadi ya kliniki na dawa. Nguo acha, mimi ni mshonaji. Baba yake kama anawapenda njia ya kuja kwangu anaijua. Chumba changu ni kidogo lakini mume wangu atalala kitandani na mimi nitalala chini, tumeshazoeana.

Ukishafika hapa tutakwenda pamoja kwa watu wa serikali, na huyo muuguzi atasema alichokiona. Huko kuna watu watakaouliza maswali bila kulia.

Na Msusi mwambie. Hata akikuchukia. Ni haki yake kukuchukia akiwa anajua.

Mama yako


Jumatano, tarehe 17 Aprili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kishindo sasa hivi amejivalisha viatu mwenyewe, cha kulia kushoto na cha kushoto kulia, anazunguka benchi nililokaa akitembea kama bata, na kila akinipita ananiambia, "Twende kwa mke wangu." Kwa hiyo usiwaze, tunakuja. Barua hii nitakupa mwenyewe jioni, naiandika ili mikono ipate kazi, na pia nataka uwe nayo kwa maandishi siku tutakayokwenda kwa hao watu wa serikali.

Niko nje ya ukumbi mdogo wa kanisa. Baraza limekaa kweli, mama. Wewe hukuliamini, lakini limekaa, nawasikia wakiburuta viti. Mzee Pole alikuja jana mwenyewe akasema niitwe leo asubuhi. Nimefikiri, nikisema yangu hapa kwanza, halafu niende kwenye lori, hakuna nilichopoteza. Wakikataa, watakuwa wamekataa wakiwa wamesikia kutoka kinywani mwangu. Sikutaka kuondoka kama mwizi.

Msusi nilimwambia jana. Alikuwa ananisuka. Nilisema yote nikiwa nimempa mgongo, chupa, kilo, duka la dawa, kijiko changu na cha binti yake, na ile siku niliyomdanganya kwamba yamekwisha. Hakuacha kusuka. Alimaliza msuko mpaka mwisho, akaufunga uzi, akakata. Ndipo akauliza, "Tangu lini unajua?" Nikamwambia, tangu siku ya pili baada ya mazishi. Akahesabu kimya kimya, nilimwona midomo ikicheza. Akasema, "Basi hukujua wakati yu hai." Mwisho akasema leo atakuja, na amekuja. Amekaa pale getini juu ya ndoo aliyoipindua, hataki kukaa karibu nami, lakini amekuja. Mlinzi amemwambia aondoke, akamwuliza mlinzi kama ana mtoto. Mlinzi amekaa chini.

Kitu kingine kizuri, Jumamosi Mama Mchungaji aliniambia hakutakuwa na chupa tena. Amesema Kishindo amepona kabisa, haihitaji, na kwamba yeye mwenyewe haijui chupa yoyote ninayoisema. Alinitazama usoni akasema haijui. Nikaitikia tu ndiyo mama. Haidhuru, dawa yake ya kliniki ninayo hapa mkobani, asubuhi nimempa, na ya jioni atapewa na wewe.

Baba yake bado haongei sana. Lakini leo asubuhi alimbeba Kishindo mabegani, kitu ambacho hajakifanya tangu ile siku ya gari, nikasema labda naye moyo unalainika. Nitamwambia juu ya lori nikitoka ndani. Nadhani atatufuata. Amesimama pale na gari la Mchungaji, analifuta vumbi.

Mzee Pole ametoka mlangoni. Anasema pole binti yangu, wako tayari, lakini wanaomba niingie bila mtoto, maneno ya wakubwa hayafai masikio yake, abaki na baba yake hapo hapo nje nikimwona dirishani. Nimemwambia nimalizie mstari mmoja. Baba yake amemchukua. Kishindo anacheka, amewekwa kiti cha mbele, na kiti cha nyuma nimeona kama Mama Mchungaji anaingia na begi, sijui anakwenda wapi maana safari ni baada ya Pasaka. Mzee Pole amenishika bega, anasema twende, usiwaweke wazee. Mkono wake ni mzito. Msusi ananiita kutoka getini, ameinuka, ndoo imeanguka, sijawahi kumsikia akiita hivyo, anasema mlinzi amefungua geti na gari linaondoka na